Adagietto ya Mahler: ni wimbo wa mapenzi au wa msiba? Tujadili mwendo wake

MLETA MADA

Wadau wa muziki, hili naomba tulijadili waziwazi. Sehemu ya nne ya Simfonia Na. 5 ya mtunzi Gustav Mahler, ile iitwayo Adagietto, siku hizi inapigwa polepole kupita kiasi, mpaka imegeuka muziki wa kuagia maiti. Msimamo wangu ni kwamba huu ni wimbo wa mapenzi, na urudishiwe mwendo wake.

Kwa asiyeufahamu: Mahler aliiandika simfonia hii 1901 na 1902, ikapigwa hadharani mara ya kwanza Cologne, Oktoba 1904. Katika Adagietto wanapiga watu wa nyuzi na kinubi tu, wengine wote wananyamaza. Ufunguo ni F meja. Mwanzoni Mahler ameagiza "polepole sana", lakini hakuweka kipimo cha metronomu (idadi ya mapigo kwa dakika), na ugomvi wote umezaliwa hapo.

Sasa tazameni saa za rekodi za waongozaji wanne. Willem Mengelberg na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, 1926: dakika 7 na kidogo. Bruno Walter, Vienna, 1938: kama dakika 8. Leonard Bernstein, Vienna hiyohiyo, 1987: dakika 11 na ushei. Bernard Haitink, Berlin, 1988: karibu 14! Noti ni zilezile, ila muda umekaribia mara mbili. Na wale wawili wa mwanzo hawakuhadithiwa habari za Mahler. Walter alikuwa msaidizi wake Hamburg na Vienna, na Mengelberg alimkaribisha Amsterdam kuongoza kazi zake mwenyewe. Mengelberg aliandika kwenye nakala yake ya noti kwamba Adagietto ni tamko la mapenzi kwa Alma, mkewe wa baadaye: badala ya barua, Mahler alimpelekea muziki huu bila neno lolote, naye Alma akaelewa, akamjibu aje. Anasema wote wawili walimwambia hivyo. Walioana Machi 1902.

Wanakwaya, chukueni solfa. Fidla zinaanza so-la-ti, halafu ti inashikiliwa ndipo ipande kwa do. Hiyo ti inataka kwenda nyumbani, na utamu wote umo katika kule kutaka. Ipige kwa mwendo wa pumzi ya mwimbaji, utasikia mtu anayemwita mwenzake. Ivute kama Haitink, utasahau ilikuwa inakwenda wapi.

Naamini chanzo cha mazoea haya kinajulikana. Tarehe 8 Juni 1968 Bernstein aliiongoza katika misa ya mazishi ya mwanasiasa Robert Kennedy, Kanisa Kuu la St. Patrick, New York. Mwaka 1971 mwongozaji filamu Visconti akaitumia katika "Death in Venice", filamu ya mtu anayefia Venice. Tangu hapo sikio la dunia linasikia msiba kabla hata kinubi hakijaguswa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, heshima yako, lakini umeruka jambo. Sahani za santuri za enzi hizo zilibeba kama dakika 4 na kitu kila upande. Pande mbili hazifiki mbali zaidi ya dakika 8 au 9. Utajuaje kama Mengelberg na Walter hawakuharakishwa na sahani? Pili, "polepole sana" ni maneno ya Mahler mwenyewe. Tatu, sikiliza wimbo alioutunga 1901 kwa shairi la mshairi Rückert, la mtu aliyepotea machoni pa ulimwengu, ambaye watu wamemhesabu kuwa amekufa. Undugu wake na Adagietto hauhitaji mtaalamu. Huko kuna upweke, hakuna posa.

MLETA MADA

La santuri ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini kazi ndefu ziligawanywa pande nyingi zama zilezile, kwa hiyo aliyetaka dakika 11 angeweza kuongeza upande wa tatu. Kuhusu agizo, ukurasa haukomei pale. Hata sauti ya fidla haijaenda mbali, Mahler anaandika "usiburute", anataka itiririke zaidi kuliko mwanzo. Mbona hilo halitajwi?

Undugu na wimbo wa Rückert nakubali kabisa. Ila soma mpaka mwisho: mtu yule anasema anaishi peke yake katika mbingu yake, katika mapenzi yake, katika wimbo wake. Mapenzi yamo. Na sehemu ya tano, inayofuata bila kupumzika, inachukua sauti ya Adagietto na kuikimbiza kwa furaha. Ukishaipiga kama jeneza, furaha ile inatoka wapi?

MCHANGIAJI WA PILI

Napiga fidla, niongeze la upinde. Kwa mwendo wa dakika 8, sentensi moja ya muziki inakaa ndani ya mikono michache ya upinde. Kwa dakika 14 unalazimika kugeuza upinde katikati ya noti ndefu, na kundi zima linaficha mgeuko kwa kupokezana. Sauti inakuwa nzuri ajabu, lakini haipumui tena kama binadamu. Hata hivyo pale katikati, inapohamia G bemoli meja, mimi nataka muda. Mahali pale pana dondoo la mtunzi Wagner, ile sauti ya mtazamo katika opera yake ya wapenzi Tristan na Isolde, na ukipita mbio hakuna atakayeusikia.

MLETA MADA

Hapo tuko pamoja. Mistari ya mwisho nayo inadai kuzuiwa, Mahler ameandika hivyo. Ninachogombea ni kule kuanza polepole kiasi kwamba zikifika sehemu hizo hakuna tena pa kupunguzia. Mwenye rekodi ya zaidi ya dakika 11 ambayo bado anaisikia ni wimbo wa mapenzi, aitaje, na aseme ni mahali gani hasa panapomshawishi.