Wenye kobe uani bila kibali: wapewe muda wa kuwasalimisha au washtakiwe?

Mkaazi wa Lang'ata
Wadau, swali ni moja. Nairobi, Nakuru, Arusha, Dar, kote kuna kobe wa madoa kwenye nyua za watu. Aliokotwa barabarani akiwa saizi ya kiganja, watoto wakampenda, leo ana kilo 10 na mwenye nyumba anahamia ghorofani. Kenya tuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013, Tanzania wana ya 2009, na zote mbili hazimruhusu mtu kukaa na mnyamapori nyumbani bila idhini. Kwa hiyo hathubutu kupigia mamlaka za wanyamapori, KWS ya Kenya wala TAWA ya Tanzania. Anamtia kobe kwenye buti usiku na kumwacha msitu wa Ngong au kichaka chochote kilicho karibu. Je, serikali itangaze miezi 6 ya msamaha, mtu amlete kobe asiulizwe alimtoa wapi, kisha mnyama apewe mlezi aliyekaguliwa? Au sheria ifuate mkondo wake?

Mzalendo wa Tabata
Msamaha wa nini? Mtu kachukua mali ya taifa, kaikalia miaka, imemshinda, sasa tumwonee huruma. Fungua hilo dirisha uone. Wachuuzi wataingia porini mwezi wa tano wa msamaha, wazoe kobe, wawalete kwa jina la "alikuwa wa marehemu babu", halafu wawapokee tena kihalali kupitia shemeji aliyejiandikisha kuwa mlezi. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016, na haikuzuia kwa kupenda. Na tusiwe wanafiki, Changuu pale Zanzibar kobe wamewekwa kama mbuzi wa maonyesho, watalii wanawalisha mboga na kupiga nao picha, hakuna anayeuliza kibali.

Bibi Shangani
Mbuzi wa maonyesho! Hebu nambie wewe wa Tabata, ushavuka kwenda Changuu au umeona picha za wenzio tu? Wale ni kobe wakubwa wa Aldabra, visiwa vya Ushelisheli, hawajawahi kuwa wa mwitu Unguja wala Pemba. Huwezi kuwaiba porini kwetu kwa sababu porini kwetu hawapo.

Mzalendo wa Tabata
Shikamoo Bibi. Sikusema wameibwa, nimesema wanafugwa. Au kwa sababu Sultani ndiye aliyewaleta kupamba bustani yake basi ni halali?

Bibi Shangani
Marahaba. Sultani gani huyo? Ilikuwa zawadi ya gavana Mwingereza wa Ushelisheli, mwaka 1919, kobe 4. Wakazaana wakafika mamia, kisha wezi wakawageuza biashara, wengine wakauzwa kufugwa na wengine kuliwa, hata mwaka 1996 wakabaki 7. Hapo ndipo ukajengwa uzio wa maana. Unaloliita maonyesho ndilo lililowaokoa. Na wanunuzi hawakuwa Wazanzibari peke yao, walitoka bara na ng'ambo.

Mzalendo wa Tabata
Ahaa, sasa wezi ni sisi wa bara.

Mkaazi wa Lang'ata
Jamani, Changuu siyo mada. Hata kobe aitwaye Mzee wa Haller Park Mombasa, yule aliyezoeana na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, ni wa Aldabra. Mimi naulizia kobe wetu wa madoa.

Mswahili wa Tampa
Kwa aliyesema msamaha ni mlango wa wachuuzi: Florida wanao mpango wa kupokea wanyama wa kigeni wa kufugwa tangu 2006. Unaleta chatu, iguana, kenge, hushtakiwi hata kama hukuwa na kibali. Kinachobana ni upande wa pili. Mlezi anaomba mapema, anaeleza uzoefu wake na mnyama wa aina hiyo, na bila kupitishwa hapewi hata mjusi. Aprili 2021 walipowaweka tegu na iguana wa kijani kwenye orodha ya marufuku, waliokuwa nao tayari walipewa takriban siku 90 kuomba kibali bila malipo, kwa sharti kila mnyama awe na kichipu chenye namba yake chini ya ngozi. Muda ulipokwisha, mlango ukafungwa. Shemeji wa Mzalendo asingepita hapo, maana kobe aliyesomwa namba leo hawezi kuzaliwa upya kesho.

Fundi Chuma
Mnajaza maneno mengi kwa kobe. Kobe hana shida. Toboa tundu ukingoni mwa gamba, pitisha waya, funga kamba mita tatu chini ya mwembe. Mara moja kwa mwaka mpige dawa ya minyoo ya mbuzi, mabaki ya ugali jioni, atakuzika. Hao wanaohama wamwachie jirani, yaishe.

Daktari wa Mbuzi
Fundi, nimesoma mara mbili nikidhani unatania. Dawa ya minyoo ya mbuzi unayoisema ni ipi? Kama ni ivamektini, umeua. Kwa kobe ni sumu: inapooza misuli, miguu inalegea, shingo inalala, kisha pumzi inakata. Na kobe wa madoa ni miongoni mwa wanaodhurika kwa dozi ndogo kabisa. Chupa ile ile inayoponya mbuzi wako haina kiwango salama kwake, usiseme "nitampa kidogo".

Akiwa na minyoo tunatumia fenibendazoli ya kunywesha, miligramu 50 kwa kila kilo. Ile ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo kobe wa kilo 4 anapata mililita 2, unarudia baada ya wiki mbili. Mpime kwa mizani, usikadirie kwa macho, gamba linadanganya. Na siyo kila mwezi, dawa ikizidi inaumiza uboho wa mifupa. Kwanza choo kipimwe.

Tundu sasa. Gamba ni mfupa hai uliounganika na mbavu na uti wa mgongo, juu yake kuna tabaka jembamba kama kucha. Lina damu, lina neva. Unapotoboa, umetoboa mfupa wa mtu aliye macho.

Fundi Chuma
Tulia daktari, sijaua mtu. Wazee wetu walitoboa na kobe waliishi. Wewe umesoma vitabu vya wazungu.

Daktari wa Mbuzi
Anaishi kwa sababu anakufa polepole, ndiyo maana huoni. Waya unakata ukingo, inzi wanataga, funza wanaingia ndani ya mfupa. Kobe akizunguka mwembe kamba inaisha, anabaki juani, hana pa kwenda. Atakayempokea kobe wa namna hiyo: kata waya, osha tundu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, kisha iodini ya vidonda iliyozimuliwa hadi rangi ya chai ya rangi nyepesi. Liache wazi, mweke ndani pasipo inzi mpaka likauke. Usizibe kwa gundi wala faiba, utafungia usaha ndani. Tundu la zamani lililokauka liache lilivyo.

Bibi Shangani
Ila mwasema Changuu ndio watesaji.

Mama Kilimani
Mnagombania kamba na kisiwa, na hakuna aliyeuliza hao walezi watafanya nini siku ya kwanza. Msamaha bila maandalizi ni kuhamisha vifo tu kutoka ua huu kwenda ule.

Kobe akiogopa anamwaga maji ya kibofu, na hayo ndiyo akiba yake ya kiangazi. Kwa hiyo ukimpokea, kabla ya chakula, mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 20. Aliyedhoofika fanya kila siku kwa wiki nzima. Ukimpa chakula kingi akiwa mkavu, tumbo linakwama. Asafirishwe kwenye boksi lenye matundu na magazeti chini, asilazwe chali, na buti la gari mchana ni tanuri. Hakuna kumchanganya na kobe wengine miezi 3, bora 6, maana ute wa pua unaweza kujificha hata akionekana mzima.

Chakula kikubwa kiwe nyasi, mbichi na kavu, na ndiyo maana wanaomlisha kabichi na nyanya wanaona anaharisha. Ongeza mchunga, majani ya mforosadi, majani na maua ya haibiskasi, dungusi kakati lililopunguzwa miiba. Ugali, mkate, maharagwe, maziwa, chakula cha mbwa, hapana. Protini na wanga vinamharibia utumbo na figo, na mtoto wa kobe akikosa jua na kalsiamu gamba linakuwa laini, akikulia kwenye ukavu na kulishwa vibaya linaota vilima. Mfupa wa ngisi unaookotwa ufukweni unatosha, mwekee aukwangue mwenyewe. Porini hutafuna mifupa na hata kinyesi cha fisi kwa shida hiyo hiyo.

Mzalendo wa Tabata
Mama, Mtanzania wa kawaida atatoa wapi mforosadi na ngisi? Hii ni orodha ya Masaki.

Mama Kilimani
Mchunga unaota kwenye shamba la mihogo bila kupandwa, mwanangu. Kilichokuuma ni ngisi au ni ugali?

Mzalendo wa Tabata
Kilichoniuma ni kufanya kobe awe na lishe kuliko mtoto wa jirani. Ndiyo maana nasema wasipewe walezi wa mjini kabisa. Warudishwe porini walikotoka, gharama sifuri.

Kijana wa Leicester
Porini wapi? Huku Ulaya tatizo letu ni kasa wa maji baridi mwenye mashavu mekundu. Umoja wa Ulaya ulimpiga marufuku 2016 kuuzwa na kuzalishwa, Uingereza ikabaki na sheria hiyo hata baada ya kujitoa. Aliyekuwa naye anaruhusiwa kumtunza mpaka afe, lakini hawezi kumgawa ovyo, basi vituo vinavyopokea vikajaa, na wengi waliishia kumwagwa kwenye mabwawa ya bustani. Sheria kali bila pa kupeleka mnyama inazaa utupaji. Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo, kama bado kuna anayelikumbuka.

Mzalendo wa Tabata
Huyo wenu ni wa Marekani, mgeni kwenu. Kobe wa madoa ni mwenyeji hapa. Usilinganishe.

Mswahili wa Tampa
Basi linganisha na mwenyeji. Kobe wa jangwa la Mojave, Marekani, ni wa pale pale. Waliofugwa majumbani waliachiwa wakiwa na ugonjwa wa njia ya hewa, mafua ya kobe tuseme, unaoletwa na bakteria wa mikoplazma. Kuachia huko kunatajwa miongoni mwa njia ulizosambaa, na spishi yenyewe iliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1990. Wa uani Nakuru aliyekaa na kobe wa Kitui na wa Dodoma, unajua amebeba nini? Pua kavu leo siyo cheti.

Daktari wa Mbuzi
Naunga mkono. Na hata akiwa mzima, wengi hawajulikani walitoka wapi. Mbaya zaidi, mkimwachia yule kobe bapa wa kwenye nyufa za miamba, ambaye tangu 2019 yuko daraja la juu kabisa la ulinzi dhidi ya biashara ya kimataifa, kwenye tambarare isiyo na mwamba, mmempa mwewe chakula.

Mzalendo wa Tabata
Sawa, wasiachiwe. Lakini kichipu hicho kitawekwa na nani, na shemeji akikitoa?

Daktari wa Mbuzi
Kwa sindano nene, chini ya ngozi ya mguu wa nyuma wa kushoto, tundu linafungwa kwa tone la gundi ya tishu. Ukubwa wake ni punje ya mchele. Kukitoa kunahitaji kukata, na kovu linaonekana.

Bibi Shangani
Changuu wanaandikwa namba kwa rangi ya buluu mgongoni. Yaonekana hata na asiyejua kusoma mashine.

Mzalendo wa Tabata
Hiyo ni miaka yao, Bibi, si utambulisho. Na rangi inafutika.

Bibi Shangani
Kumbe wajua! Mara hii umefika kisiwani bila tiketi.

Mkaazi wa Lang'ata
Tusonge. Tukikubaliana msamaha uwepo, mkaguzi akifika kwa mlezi aangalie nini kwanza? Mimi nasema banda la usiku. Julai Nairobi usiku joto hushuka mpaka nyuzi 10 au 11, na kobe wa madoa halali usingizi wa baridi kama wa Ulaya. Baridi kavu anaivumilia, ila baridi yenye unyevu inamtia nimonia. Banda liwe na sakafu iliyoinuka, nyasi kavu, mlango unaofungwa saa 12 jioni.

Fundi Chuma
Banda hamtaniambia kitu. Ukuta kwanza. Tofali au ubao mzima, sentimita 60 juu, 20 chini ya ardhi, huyu si mchimbaji sana. Wavu wa kuona upande wa pili usiweke, atasukuma siku nzima mpaka pua ichubuke, na wavu wa mashimo makubwa unanasa kichwa. Pembe nne ndizo zinazotoroshea, kobe anajibana kona na kupanda kwa kucha, kwa hiyo kila kona iwekewe kibao kilicholazwa juu yake. Beseni la maji lizikwe, kingo zilingane na udongo, kina kisizidi sentimita 8, vinginevyo anapinduka na kufa maji. Kamba nimeiacha, daktari, usirudi.

Daktari wa Mbuzi
Kona na kibao hiyo ni kazi safi. Sirudi.

Mama Kilimani
Ongezeni: mlezi mmoja, jinsia moja. Dume ana mkia mrefu na tumbo lililobonyea. Wawili wakiwa madume watagongana mpaka mmoja apinduke, kwa hiyo majike ni rahisi zaidi.

Kijana wa Leicester
Jike aliyetoka kwenye ua wenye dume ataendelea kutaga hata akiwa peke yake, wanaweka mbegu mwilini kwa miaka. Hao watoto nao wana msamaha?

Mama Kilimani
Hawatazaliwa. Akichimba, subiri amalize na afukie, toa mayai siku hiyo hiyo uyagandishe kwenye friza kabla hayajaanza kitu, au uyachemshe. Usimkatize anapochimba, jike akiyazuia mayai tumboni utampeleka kwa daktari kwa upasuaji. Na mikono kwa sabuni baada ya kila kitu, salmonela haijui mlezi aliyepitishwa na asiyepitishwa. Beseni la kobe lisioshewe jikoni.

Mzalendo wa Tabata
Miezi 3 basi, siyo 6. Na shemeji asiandikishwe.