Naomba ushauri: makumbusho ya watoto Boston, nikiwa na wadogo wawili na bibi yao

Mama Zawadi: Habari zenu wapendwa. Tunaishi Lowell, mji ulio karibu na Boston huku Marekani. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kutusalimia, na Jumamosi nataka nimpeleke pamoja na watoto pale Boston Children's Museum. Mkubwa ana miaka 4, anapenda kushika kila kitu, ila kelele zikizidi anaziba masikio na kulia. Mdogo ndiyo kwanza anatembea. Baba yao yuko kazini, kwa hiyo ni mimi na bibi tu, bila gari. Tutaweza? Kiingilio nacho kinanitisha. Halafu mama mkwe hapendi kabisa watoto washike vitu vya watu.

Mdau wa Worcester: Mtaweza, dada. Treni ya Lowell itawashusha North Station. Pandeni treni ya mjini ya Orange Line mpaka Downtown Crossing, mhamie Red Line, kituo kinachofuata ni South Station. Hapo ni kutembea tu: fuateni Congress Street, vukeni daraja lenye zile meli za makumbusho ya Boston Tea Party, mtaiona chupa ya maziwa ya futi 40 imesimama nje. Watoto wa miaka 11 kushuka chini hawalipi nauli wakiwa na mkubwa anayelipa. Treni za Jumamosi ni chache, angalia ya kurudi kabla hamjatoka.

Kuhusu kiingilio, uliza kwanza maktaba ya mji wenu. Maktaba nyingi Massachusetts zina pasi za makumbusho zinazopunguza bei, ila huwahiwa mapema. Mwenye kadi ya EBT, ile ya serikali ya msaada wa chakula, naye hulipa dola chache tu kwa kila mtu. Usione haya kuitoa, imewekwa kwa ajili yetu.

Mwalimu wa Chekechea: Mama Zawadi, mweleze bibi kwamba pale kushika ndiyo kazi yenyewe. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1913 na walimu wa sayansi. Miaka ya 1960 mkurugenzi wao Michael Spock akaona vitu vitolewe kwenye makabati ya vioo ili watoto wajaribu kwa mikono. Mtoto akiachia mpira wa gofu kwenye zile reli za mchezo za mteremko ukaruka nje, anarudia, anabadilisha mwinamo, anarudia tena. Hapo anafikiri kwelikweli, kwa hiyo tafadhali usimwambie "haya, twende tukaone kingine". Mkiona vyumba vitatu mkaviacha vingine, mmefaidi.

Beba nguo za kubadili. Kwenye chumba cha mapovu ya sabuni hakuna anayetoka mkavu.

Mama Zawadi: Asanteni sana. Na kelele je?

Mama Pacha: Wangu wa pili yuko hivyohivyo. Fikeni mlango unapofunguliwa. Ule mnara wa kupanda wa orofa tatu, katikati ya jengo, ndiyo wenye kelele kuliko kote. Muuache au muuwahi kabla watu hawajajaa. Kuna PlaySpace, sehemu ya watoto wasiozidi miaka mitatu, mdogo atatambaa na kutembea bila kukanyagwa. Gawaneni, mmoja na mkubwa, mmoja na mdogo, na mpatane mahali pa kukutana. Mkubwa akianza kuziba masikio, tokeni naye nje ukingoni mwa maji, mpumzike, mle. Wana pia nyakati maalumu za watu wachache kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Piga simu uulize, huenda zikamfaa.

Binti Pangani: Mama mkwe usimkoseshe nyumba ya Kijapani iliyo humo ndani ya makumbusho. Ni nyumba halisi ya mfanyabiashara wa hariri, zawadi ya mji wa Kyoto kwa Boston. Mnavua viatu kabla ya kuingia, na ndani pametulia. Mtu wa Tanga hahitaji kuelekezwa adabu ya kuvua viatu mlangoni. Mkubwa naye atapumzisha masikio. Mwombe bibi awasimulie wajukuu nyumba ya kwao ilivyokuwa.

Mama Zawadi: Mama amefurahi kusikia habari ya nyumba hiyo, anauliza kama kuna ngazi nyingi kuifikia, magoti yanamsumbua.

Mdau wa Worcester: Lifti ipo. Mwambie avae soksi nzito, wakati huu sakafu ni baridi.