Yule mwalimu wa tuisheni wa Ngamiani leo kanidhalilisha, narudi sasa hivi hata viatu sijavua!!

Wakuu mikono inatetemeka. Mnamjua, jina sitaji. Mimi mtu mzima na ndevu zangu narudia mtihani wa fomu siksi, nalipa hela yangu, leo kaja na likaratasi la maneno ya Kiingereza cha vitabuni, yale Waingereza waliyokwapua kwa Wafaransa na Wajerumani, kaninyooshea kidole nisome la kwanza. Limeandikwa rendezvous. Nikalisoma lilivyo, rendezivausi. Jamaa kacheka mpaka kashika ukuta, halafu, hapa ndo roho inaniuma, KAMWITA MWALIMU WA CHUMBA CHA PILI aje asikie. Akaniambia rudia. Rudia! Mbele ya vitoto nilivyovibeba mgongoni!

Kumbe ni rondevuu, zedi haitamkwi, esi haitamkwi, sasa ziliwekwa za nini? Debris esi inamezwa, ballet ti inamezwa, colonel unaandika eli unasoma ari. Hakunifundisha hata moja, ningeoteshwa? Na huyohuyo kwenye harusi Makorora nilimsikia kwa masikio yangu anauliza "bufeti iko wapi". Bufeti! Nilimwita jirani aje amsikilize? Yeye kaita mtu, kasema rudia, kicheko kimefika bandarini meli zimegeuza. Sirudi pale na ada yangu naitaka.

MkongeOg: rendezivausi 😂😂😂 pole mkuu ila chai yote nimeimwaga. Hebu rudia

Binti Chumbageni: We usimcheke mwenzio. Hata Waingereza wenyewe iliwatesa, Wanormani wa kutoka Ufaransa walivyowateka 1066 wakubwa wote wakawa wanaongea Kifaransa, ndo maana ng'ombe akiwa zizini ni cow jina la Kiingereza, akishafika mezani ni beef jina la Kifaransa. Sasa mtu wa Tanga ayajue kwa jioni moja?

Mwenye uzi: ASANTE dada yangu. Na mwalimu wa chumba cha pili alikuwa wa nini???

Raskazone Boy: Wajerumani wana neno schadenfreude, ile raha ya kuona mwenzio anaumbuka. Waingereza wakaliazima hivyohivyo. Huyo mwalimu wako analo mwili mzima

Ami wa Pongwe: Mbona safari wameichukua kwetu na wanaivuta wanavyotaka, kuna Mzungu kaambiwa rudia?

Mwenye uzi: Umenena ami!! Hakuna!!

Bibi Mahamri: Nyie mnalilia maneno, mwanangu anasoma hapohapo, kila wiki hela ya fotokopi na karatasi yenyewe haisomeki, nyeusi tii

MkongeOg: Bi mkubwa fotokopi afadhali, mdogo wangu kaambiwa aje na kiti chake kutoka nyumbani

Boda wa Barabara 13: hicho kiti ndo nilikipakia mimi, kimenichana siti na pesa ya kushona hajanipa mtu

MkongeOg: We ndo ulimtoza mtoto bei ya watu wawili?

Boda wa Barabara 13: kiti si abiria? kimekaa

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada, yule mtu kaniambia RUDIA mbele ya

Bibi Mahamri: Subiri kwanza baba. We wa boda, na mimi juzi ndoo yangu ya unga ulinitoza kama mtu, ndo wewe eeh?