Naomba ushauri: CtrA ya Caulobacter inanichanganya

Wakuu, habari za jioni. Naandaa semina kuhusu Caulobacter crescentus, bakteria wa maji baridi, nimekwama. Seli yake inayoogelea imejaa CtrA, protini inayozuia DNA isinakiliwe. CtrA ikishavunjwa na ClpXP (mashine ya seli ya kuvunja protini), protini DnaA inaanzisha kunakili, GcrA, protini nyingine inayoongoza jeni, inafuata, kisha CtrA inarudi. Hadi hapo sawa.

Shida ni methili, alama ndogo za kikemikali kwenye DNA. Kimeng'enya CcrM huzibandika mwishoni mwa mzunguko wa seli tu, na promota (sehemu ya DNA inayowasha jeni) ya kwanza ya jeni ya ctrA huamka baada ya mitambo ya kunakili kuipita, ikabaki na methili kwenye uzi mmoja. Sasa nikiulizwa saa yenyewe inayoendesha mzunguko huu ni protini au DNA, nijibu nini? Aliyewahi kufundisha hili anielekeze, hata kwa mfano wa jikoni. Nawasilisha Alhamisi.