MJADALA: Asiyerudisha matokeo ya utafiti kijijini kwa Kiswahili, apewe shahada?

Wagosi, dada zangu, na nyote mliozaliwa Tanga mkahamia kwingine: nawaletea jambo ambalo najua litatugawa, hasa mlio vyuoni.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu akija kukusanya data Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto au hapa mjini, tasnifu yake isipitishwe mpaka alete ushahidi kwamba matokeo ameyarudisha pale alipoyatoa, kwa Kiswahili, na yamesomwa mbele ya watu. Mhadhiri naye, makala yake isihesabiwe kwenye kupandishwa cheo mpaka afanye hivyo hivyo. Nasema liwe sharti. Kuomba tumeshaomba.

Kwa nini sasa? Kwa sababu Chuo Kikuu Mzumbe kinatuletea kampasi Mkinga, moja ya zile za mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 wa kupanua elimu ya juu. Ujio huo mimi naufurahia. Lakini chuo kikiwa jirani, vijana wanaotafuta mahali pa kufanyia utafiti hawatahangaika kwenda mbali. Watamiminika Gombero, Duga, Maramba na Moa, kila mmoja na hojaji yake mkononi. Tukiweka utaratibu, tuuweke kabla hawajazoea vingine.

Nimewahi kufanya kazi ya udadisi, ile ya kuzunguka na hojaji nyumba kwa nyumba kwa niaba ya watafiti, kwa hiyo njia nzima naijua. Kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, au barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji anayekutembeza kwa miguu yake. Kila ofisi ina daftari la wageni, unasaini. Utafiti wa afya una mlango mwingine wa maadili pale NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na hapo hakuna mchezo: fomu ya ridhaa lazima iwe katika lugha anayoielewa mshiriki, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Hojaji nayo inatafsiriwa, inajaribiwa, inarekebishwa, inajaribiwa tena. Nimeona wasomi wakibishana asubuhi nzima namna ya kumuuliza bibi kizee kipato chake bila kumuudhi.

Basi tusiambiwe Kiswahili hakiwezi. Kimeweza kumuuliza mtu habari za ndoa yake, deni lake, choo chake na marehemu wake. Data ikishapanda basi kwenda Morogoro au Dar es Salaam ndipo ghafla inaambiwa kwamba lugha haitoshi. Madaftari ya wageni niliyosaini yamejaa majina ya watafiti. Faili la majibu yao sijalikuta katika ofisi hata moja.

Nitoe mifano miwili ya kwetu, msije mkasema nalalamika hewani.

Wa kwanza, chanjo ya malaria, ile ya RTS,S. Majaribio yake makubwa yalianza 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Tanzania ilikuwa na vituo viwili: Bagamoyo na Korogwe. Katika nchi zote walishiriki watoto wachanga na wadogo 15,459. Mwaka 2015 matokeo ya mwisho yakachapishwa katika jarida la Uingereza: kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, waliopata dozi tatu na ya nyongeza, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika ufuatiliaji wa takribani miaka minne. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Sasa ile 36 ni namba ambayo mama wa Korogwe anaihitaji kuliko profesa. Inamwambia chanjo inasaidia, na papo hapo inamwambia chandarua asikishushe. Na inamwambia dozi ya nyongeza si ya kupuuza, maana bila hiyo kinga ilishuka hadi asilimia 28. Huo ni ujumbe wa kusomwa kliniki siku ya kupima uzito. Kuuacha ndani ya jarida ni kuunyima kazi yake.

Wa pili ni silikanti. Wazee wa pwani wanakumbuka: kuanzia 2003 samaki yule, ambaye hadi 1938 wanasayansi waliamini alitoweka zamani za mijusi wakubwa, alianza kunasa kwenye majarife ya papa huku kwetu. Wanasayansi wakaja, Watanzania na Wajapani. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2011 ukachapishwa uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini ya Tanzania ni kundi lao peke yao, tofauti na wale wa Komoro. Nimekaa na wavuvi Kigombe nikawasimulia hilo la vinasaba, mzee mmoja akasimama wima: “Kumbe ni wetu?” Hifadhi wanaijua, marufuku wanazijua. Sababu iliyonona kuliko zote, ambayo ingewafanya wamlinde samaki yule bila boti ya doria, nilikuwa naitoa mimi, mpita njia.

Mtasema watafiti ni wavivu. Hapana, wanakwenda kunakolipa. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kutenga shilingi bilioni 1 za kuwazawadia wanazuoni wanaochapisha kwenye majarida yenye hadhi kubwa duniani, hadi milioni 50 kwa mtu. Si jambo baya, nami ningekuwa mwanasayansi ningezikimbilia. Ila anayepanda bodaboda kurudi Magoroto na kurasa nne za Kiswahili hapati hata alama moja kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Ungekuwa wewe ungerudi?

Na msinikimbizie hoja ya hadhi ya lugha. Tangu 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kama mtu anaweza kuhukumiwa kifungo kwa Kiswahili, anaweza kuambiwa kwa Kiswahili udongo wake umepungukiwa nini.

Sharti lenyewe nililonalo ni dogo. Kurasa nne. Nakala moja kwa mtendaji wa kijiji, moja shule ya kata, moja maktaba ya mkoa. Zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Muhtasari wa mkutano ugongwe muhuri, mwanafunzi aubandike nyuma ya tasnifu. Basi.

Karibuni. Matusi tuyawekee akiba mechi za Coastal Union.

Mhadhiri msaidizi, mzaliwa wa Lushoto

Mgosi, nakuunga mkono robo tatu, robo nakupinga kwa nguvu. Gharama sitaisema sana, ingawa wanafunzi wengi wa uzamili wanajilipia na wakirudi kijijini mara ya pili wanarudi kwa pesa ya kukopa. Ninachokiogopa ni huo mkutano wako.

Chukua utafiti wa migogoro ya ardhi. Kijiji kimoja, wahojiwa kumi na wawili. Nikisimama mkutanoni nikasoma kwamba “baadhi ya washiriki walieleza kuwa maeneo yaligawiwa bila wananchi kushirikishwa”, hakuna mtu pale asiyejua nani kasema. Mimi nitapanda basi jioni. Wao watabaki na mwenyekiti wao. Fomu ya ridhaa uliyoisifu niliisaini mimi pia, na nimeahidi humo kwamba siri itatunzwa. Kuna utafiti wa VVU, wa ukatili majumbani, wa mimba za wanafunzi. Unataka tuusome chini ya mwembe?

Halafu wewe unaongelea matokeo kana kwamba kila tasnifu inayo. Nasahihisha tasnifu, nakwambia. Nyingine zimegundua kwamba umaskini unasababishwa na ukosefu wa kipato. Hizo nazo tuwaitie watu waache mashamba?

Muheza

Umaskini na ukosefu wa kipato 😂 Mwalimu umeua.

Mkulima wa mwani, pwani ya Mkinga

Shikamooni wakubwa. Mimi nalima mwani, na akina mama wenzangu. Kuna aina mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini maji yakipata moto inaugua, inakuwa nyeupe na kukatika, unabaki na kamba tupu. Watu wa vyuo wamekuja na vipimo vyao, wametumbukiza kwenye mashamba yetu, wameandika, wamepiga picha, wametushukuru vizuri tu. Sisi tunalolitaka ni moja: je, tukisogeza kamba kwenye maji marefu itapona? Hiyo karatasi ya kurasa nne nami nitaifurahia, lakini hata ikiwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye simu inatosha. Wengine wetu kusoma ni kwa tabu, ila kusikia tunasikia. Tena mwalimu wa Lushoto, hapo siri ya nani? Mwani hauna jina la mtu.

Ngomeni

Nipingane na aliyeanzisha. Nimekulia jirani na Mlingano, kituo cha utafiti kilichozalisha mkonge chotara wa H.11648, ule uliosambaa mashambani mpaka watu wakasahau ulitoka wapi. Hakuna aliyekuja kutusomea karatasi. Tulipata mche, tukapanda, tukavuna. Utafiti mzuri hurudi ukiwa mbegu, dawa, chanjo au bei. Usiorudi hivyo, hata ukiutafsiri kwa Kiswahili cha Mrima kisicho na doa, bado ni karatasi. Mnataka kuwapa wanafunzi mzigo wa kuigiza uwajibikaji. Watapiga picha na mwenyekiti, watagonga muhuri kwa elfu tano, kwisha habari. Tunaijua nchi yetu.

Aliyeanzisha mjadala

Nianze na dada wa Mkinga, marahaba. Ujumbe wa sauti naukubali moja kwa moja, uingie kwenye sharti.

Mwalimu, hoja yako ya siri ni nzito na naipokea: utafiti wenye kugusa maisha ya watu binafsi usisomwe hadharani. Kamati ile ile ya maadili iliyopitisha fomu ya ridhaa ipitishe pia namna ya kurudisha matokeo, tangu siku ya kwanza, iandikwe ndani ya pendekezo la utafiti. Ya ukatili yaende kwa wahudumu wa afya na dawati la jinsia, yakiwa yamejumlishwa kata kadhaa ili kijiji kisitambulike. Lakini mlango huo usigeuzwe uchochoro wa kukimbilia kila mtu. Wa mwani, udongo, mbu na chikichi hawana pa kujificha.

Kuhusu tasnifu zisizo na kitu, kaka, hiyo ndiyo faida ninayoitamani kimyakimya. Mwanafunzi akijua atasimama mbele ya wakulima awaambie alichogundua, ataona aibu mapema, akiwa bado anatunga mada. Msimamizi wake pia.

Ngomeni, mche wa mkonge ulikufikia kwa sababu kulikuwa na mashamba makubwa yaliyouhitaji. Mkulima wa nusu ekari ya iliki hana mtu wa kumletea mche. Na Amani imekuwa na kituo cha utafiti tangu 1902, enzi za Mjerumani. Kabla yake, 1892, bwana mkubwa wa serikali ya Kijerumani hapa alikuwa ameshatuma kwao lile ua la Usambara, likaitwa kwa jina lake, na leo linauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Mbegu zilitoka pia, wala hazikuwa zikirudi tu. La picha na muhuri wa elfu tano sina ubishi, litatokea. Hata vibali vinaghushiwa na hatujavifuta.

Pangani

Mmesahau jambo moja. Mkutano mkuu wenyewe haukai. Akidi haitimii.

Mtendaji wa kijiji, wilaya sitaitaja

Pangani kasema kweli, nami ndiye ninayeuitisha. Watu wakisikia agenda ni michango, wanakwenda shamba. Wakisikia kuna mgeni ana majibu ya kile kipimo cha maji ya kisima walichochukuliwa, nadhani watakuja, kwa sababu hilo huniuliza kila wiki na sina la kuwajibu.

Ila mkipeleka sharti hilo huko juu, liandikeni vizuri. Mtafiti aje mwenyewe. Asinitumie faili kwenye simu akaniambia “mtendaji nisomee”. Kabati la ofisi ni moja, na limejaa kadi za wapiga kura ambazo hazijachukuliwa na risiti za michango ya maabara. Karatasi haina pa kukaa, na mimi sina digrii ya kuitetea. Mtu wa nyuma akinyanyua mkono akauliza, “Sasa mmeshajua maji yana chumvi, mnafanyaje?”, nataka mwenye utafiti awe amesimama hapo mbele, na afisa maji wa wilaya awe amekaa pembeni yake.