MREJESHO: Injini na behewa za Reli ya Kati kwa kipimo cha 1:64

Wakuu, niliuliza kama njia ya reli yenye upana wa milimita 16.5 inafaa kwa modeli za Reli ya Kati kwa 1:64 (yaani ndogo mara 64 kuliko treni halisi), na kwa nini ubavu wa behewa la plastiki unapinda. Ahsanteni sana, yote yamepata jibu.

Njia inafaa. Njia halisi ina upana wa mita moja; ukigawa kwa 64 unapata milimita 15.6, kwa hiyo ziada ni 0.9 tu. Faida yake ni kubwa: mota na ekseli za kipimo maarufu cha 1:87 zinaingia. Ila kwa injini ya daraja la 31 (2-8-4, yaani magurudumu 2 mbele, 8 ya kuendeshea katikati, 4 nyuma) ya East African Railways, pima magurudumu ya kuendeshea kwanza. Halisi ni inchi 48, yaani milimita 19 kwenye modeli. Ukiweka madogo, boila inakaa chini na sura yote ya injini inapotea.

Kupinda kunaletwa na gundi ya kuyeyusha. Ukibandika plastiki ya milimita 0.5 juu ya ya milimita 1, mvuke unanaswa katikati na kuendelea kulainisha plastiki taratibu. Toboa matundu madogo kwenye karatasi ya plastiki ya ndani, kila baada ya sentimita 2, paka gundi kidogo, bana kati ya vioo viwili mpaka kesho yake. Usianike juani, jua la Dodoma halina huruma na plastiki nyembamba.

Rangi pulizia alfajiri kabla ya upepo. Nyunyiza maji sakafuni kwanza, vumbi litulie.