Monita pana ya inchi 34 au 49 kwa ramani na gemu: naomba ushauri

Mpimaji_Isevya (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa ramani, na kutwa nzima huwa nimefungua QGIS, programu ya kuchorea ramani, pamoja na jedwali la vipimo vya viwanja, lakini kwenye kioo cha inchi 15.6 cha kompyuta yangu ya mpakato dirisha moja hulifunika lingine. Usiku, kazi ikiisha, huendesha malori katika Euro Truck Simulator 2. Nimedhamiria kununua monita moja pana itakayofaa kwa yote mawili, na muuzaji wa Kariakoo amenitajia tatu: ya inchi 34 yenye pikseli (vidoti vya picha) 2560 kwa 1080, ya inchi 34 yenye 3440 kwa 1440, na ya inchi 49 yenye 5120 kwa 1440, ambayo ni mtumba wa Dubai. Kompyuta ina kadi ya michoro ya GTX 1660 Ti na, kwa kutolea picha, tundu la HDMI toleo la 2.0 pekee, na meza yangu ina upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 60. Je, hiyo ya inchi 49 itanifaa? Pia mdogo wangu ana PlayStation 5. Akija likizo ataweza kuichomeka humo?

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Ndugu Mpimaji, inchi za monita hupimwa kutoka pembe hadi pembe, na kwa monita pana kipimo hicho huficha jambo muhimu kwa mtu wa ramani, nalo ni kimo. Monita ya inchi 34 ina kimo cha takriban sentimita 33, sawa na monita ya kawaida ya inchi 27, na ile ya inchi 49 nayo ina kimo hichohicho. Kinachoongezeka ni upana tu, kutoka sentimita 80 hadi karibu 120. Maana yake ni kwamba inchi 49 itaimeza meza yako yote, spika hazitapata pa kukaa, na kwa kina cha sentimita 60, ukitoa nafasi ya miguu ya monita, utakuwa ukigeuza shingo kutoka kwenye jedwali hadi kwenye ramani kama mtu anayetazama mpira wa meza.

Hiyo ya 2560 kwa 1080 iache, hata kama bei yake inavutia. Kwenye inchi 34 inatoa pikseli 82 hivi kwa inchi, wakati 3440 kwa 1440 inatoa 110, na tofauti hiyo utaiona mara moja kwenye mistari myembamba ya mipaka na namba ndogo za viwanja.

Kuhusu gemu, 3440 kwa 1440 ni karibu pikseli milioni 5, yaani zaidi ya mara mbili ya 1920 kwa 1080, hivyo kadi yako itakulazimu ushushe mipangilio kadhaa, hasa vivuli na vioo vya pembeni vya lori. HDMI 2.0 itakufikisha hezi 100, yaani picha 100 kwa sekunde, kwenye ukubwa huo, mradi tundu la monita yenyewe nalo liwe 2.0, kwa sababu zipo ambazo tundu lake la HDMI ni la 1.4 na huishia hezi 50. PlayStation 5 itawaka bila tatizo, ila haitumii upana huo: picha itakaa katikati, na kila upande utabaki weusi wa takriban sentimita 10.

Karani_Urambo

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Kwa mtu wa majedwali, monita mbili za inchi 24 hufanya kazi hiyohiyo, na moja ikiharibika unaendelea na nyingine wakati ya kwanza iko kwa fundi. Nakubali kwamba kwenye gemu ya lori fremu za monita hizo mbili, zinapokutana katikati, zitakuja kukaa mbele ya usukani, jambo ambalo hakuna dereva atakayelivumilia.

Mpimaji_Isevya (Tabora)

Nawashukuru wote. Nimeelekea kwenye 34 ya 3440 kwa 1440, lakini muuzaji sasa anasema anayo pia ya OLED (kioo ambacho kila pikseli hujiwakia yenyewe), iliyotumika kidogo, na anaisifia mno rangi zake. Umeme wa huku mnaujua.

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Rangi zake ni nzuri kweli, hasa weusi, lakini kwa kazi yako nisingeichukua. Upau wa zana wa QGIS na upau wa chini wa Windows hukaa mahali pamoja saa nyingi, na OLED ndiyo aina inayoweza kubaki na alama ya kudumu ya picha isiyosogea. Monita hizo hujisafisha zenyewe baada ya kuzimwa, zikiwa bado zimechomekwa kwenye umeme; umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, au ukiwa na mazoea ya kuzima swichi ya ukutani kila jioni kama wengi wetu, usafishaji haufanyiki. Chukua IPS, au VA (zote ni aina za kioo cha LCD chenye taa kwa nyuma) ikiwa unapenda weusi uliokolea na hujali kivuli kidogo kinachofuata taa za magari usiku. Iweke kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) pamoja na kompyuta, kwa kuwa monita ya aina hii kwa kawaida haili umeme mwingi.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe na kukurushia video ya kioo kikiwa cheupe chote, cheusi chote na kijivu chote, maana pikseli zilizokufa na madoa huonekana hapo. Dai boksi lake na maboya yake ya awali, kisha usisitize lisafirishwe likiwa limesimama, kwa sababu kioo cha monita pana, ambacho mara nyingi hutengenezwa kikiwa na mkunjo, kikilazwa chini ya mizigo ya watu kwenye buti la basi kutoka Dar hadi Tabora hupasuka bila boksi kuonyesha hata mchubuko.